Plasta kwenye Miguu ya Kifaranga

Mayai yale mama alinitumia nile. Aliyapanga kwenye ndoo ndogo ya plastiki, akayafukia kwa pumba za mahindi ili yasigongane, akamkabidhi kondakta wa basi dogo linalotoka Itumba. Nilikwenda kuyapokea stendi ya Tunduma nikiwa nimevaa shati la kwendea usaili, maana asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kuulizia kazi kwenye ofisi moja ya kupitisha mizigo mpakani. Walisema watanipigia. Nilirudi na ndoo nimeikumbatia, nikipishana na malori yaliyopanga foleni hadi nje ya mji, na njia nzima nilikuwa najiuliza kama yule dada wa mapokezi aliandika namba yangu yote au aliishia katikati.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia. Nilikuja Tunduma kwa hesabu ambayo niliiona haina kasoro: malori yote yale lazima yawe na karatasi, na karatasi lazima ziwe na mtu wa kuzijaza. Nikapata kazi ya muda ya kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Kazi ikaisha, chumba kikabaki. Kilikuwa chumba cha uani kwenye nyumba ya mjane mmoja wa Kinamwanga, mama mwenye kuku wengi na maneno machache. Wapangaji wenzangu wote walikuwa wafanyabiashara. Kukipambazuka walivuka kwenda upande wa Zambia na bidhaa zao, na uani tukabaki mimi, kuku, na upepo unaotikisa mabati. Zilikuwepo siku ambazo neno langu la kwanza nilikuwa nalisema jioni, nikiagiza chapati, na sauti ilitoka imekwaruza mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Ndiyo maana sikuyala mayai. Ningependa kusema nilikuwa na mpango wa biashara, na kweli nilijiambia hivyo. Chuoni tulihubiriwa kujiajiri hadi siku ya mahafali. Lakini nilipoyamulika kwa tochi ya simu, nikaona kwenye mojawapo kivuli kidogo ambacho huenda kilikuwa kitu na huenda hakikuwa kitu, nilifikiri tu kwamba nikiyakaanga yatakuwa yameisha. Nikatafuta boksi la maji ya chupa, nikafunga balbu ndani, nikaweka bakuli la maji kwa ajili ya unyevu na kipimajoto nilichonunua duka la dawa. Nikaanza kuyageuza kila mara, kila yai nimelichora alama ya penseli ili nijue upande.

Mama alipiga simu.

"Mayai umeshakula?"

"Bado, mama."

"Yataharibika hayo."

"Nimeyaatamia."

Nikamsikia akimgeukia mtu pale nyumbani. "Anasema ameyaatamia." Kicheko kikalipuka, cha watu wengi, nikatambua kicheko cha shangazi kati yao. Mama akarudi kwenye simu bado anahema. "Mwanangu, tulikupeleka chuo ukarudi kuku jike?"

Nilicheka naye. Simu ilipokatika nilikaa nikifikiria kile chumba kilichojaa watu, na moto, na jinsi ambavyo wangeendelea kucheka baada ya mimi kutoka masikioni mwao.

Huku kwetu miezi ya baridi haina mzaha. Umeme ulikatika mara nyingi kuliko nilivyopanga, na kila ukikatika nilichemsha maji, nikajaza kwenye chupa za soda, nikazivisha soksi na kuzilaza kando ya mayai. Nilihangaika kama muuguzi wa zamu, lakini mayai ni mayai. Siku ya kutotoa ilipofika, na ikapita, na nyingine ikafuata, yai moja tu ndilo lililoanza kugonga. Mengine yalikaa kimya. Nilipokuja kuyapasua baadaye, mengi yalikuwa maji tu, na machache yalikuwa na viumbe walioishia njiani.

Lile moja lilitoboka asubuhi, halafu likasimama. Mdomo ulionekana ukifunguka na kufumbika kwenye kitundu. Nilisoma mahali kwamba usimsaidie kifaranga kutoka, maana kule kupambana na ganda ndiko kunakompa nguvu ya miguu. Nikasoma pengine kwamba akichelewa utando unamkaukia, anakufa humo ndani. Mwandishi wa kwanza alikuwa na uhakika; wa pili naye alikuwa na uhakika. Nilizunguka lile boksi tangu asubuhi hadi jua likahamia upande wa pili wa dirisha, ndipo nikalowesha kidole kwa maji ya uvuguvugu na kumenya ganda kidogo, kipande kama ukucha. Kidogo tena. Akatoka, amelowa, shingo imelegea, akalala kama kitambaa cha kufutia vyombo.

Nilikuwa nimemtandikia karatasi ya kalenda ya ukutani, ile nzito inayong'aa. Wafugaji wote ninaowajua hutandika maranda au pumba za mpunga, na pumba tele huletwa kutoka Msangano. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba kifaranga mchanga hajui chakula ni kipi, anaweza kuzila pumba zikamziba. Kalenda ilikuwa safi. Ilifutika. Nilijiona nimewaza mbali kuliko wengine.

Alipokauka na kuwa mpira wa manyoya ya njano, alijaribu kusimama. Miguu ikateleza, mmoja ukaelekea Vwawa na mwingine Zambia. Akakaa kifudifudi, tumbo limegusa karatasi, akipiga vibawa. Akajikusanya. Ikateleza tena. Nilidhani ni uchanga tu. Kufikia kesho yake alikuwa amezoea kulala hivyo, miguu imetanuka pembeni kama ya chura aliyekanyagwa, akitaka kwenda kwenye maji anajisukuma kwa kifua. Alikuwa analia. Kifaranga mwenye wenzake hulia kidogo akanyamaza. Huyu alilia sauti moja kali, mfululizo, akisubiri ajibiwe.

Mama mwenye nyumba alisikia akaja kuchungulia, mikono ina unga.

"Umepata mmoja?"

"Mmoja, mama."

Akamtazama. Akamgusa mguu kwa ncha ya kidole. "Huyu si wa kuishi, baba. Mpe paka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia kuwa mvua inakuja, utoe nguo kambani. Yeye amefuga tangu akiwa msichana, na kwake kifaranga asiyesimama hufa, au huliwa, na kuku mama haangalii nyuma. Nilimwambia nitamwangalia kwanza hadi kesho. Akaitikia "haya" na kurudi kwenye unga wake.

Nilitumia bando lililobaki lote kutafuta juu ya miguu ya vifaranga. Nilijifunza kwamba kuna ambao vidole vimejikunja kwa kukosa vitamini, kuna waliochomoka kiungo, hao hawana dawa, na kuna wa aina ya huyu wangu, waliotanuka miguu. Sababu zilikuwa nyingi. Joto lililopanda na kushuka. Mayai yaliyotikiswa safarini. Mama kuku asiyekula vizuri. Kifaranga aliyesaidiwa kutoka. Sakafu inayoteleza. Nilisoma ile orodha mara nyingi nikitafuta sababu isiyokuwa mimi, nikapata mbili tu, na zote zilimhusu mama yangu, nikaona haya. Lakini jambo moja nililielewa vizuri: mifupa na kano zake bado ni laini kwa siku chache tu za mwanzo. Miguu ikirudishwa mahali pake mapema, hukomaa hapo. Ikiachwa, hukomaa ilivyo, na kifaranga hafiki kwenye maji wala chakula bila kubebwa. Maana yake nilikuwa na siku hizo tu, na hakukuwa na mwingine wa kumfanyia.

Nikaitoa kalenda. Nikakata taulo langu la zamani, lile lenye nyuzi zilizosimama, nikatandika.

Kazi yenyewe ni ya plasta, hizi za kubandika kwenye kidonda. Unaikata kwa urefu iwe nyembamba. Kile kipande cha pamba cha katikati unakiacha kikae kati ya miguu, na ncha mbili zenye gundi unazizungushia kila mguu juu kidogo ya vidole, halafu unazibana zishikane zenyewe, bila kukaza. Unakuwa umemfunga kama mfungwa, ila miguu iko chini ya mwili, si pembeni. Kwenye video alionekana mwanamke akifanya kwa muda mfupi, huku anazungumza. Kifaranga ana mguu mwembamba kama njiti, na moyo wake unaupiga mkono wako haraka mpaka unashindwa kujua kama ni wake au ni mapigo ya vidole vyako. Nilifikiria: nikikaza, damu haitapita, vidole vitaoza. Nikilegeza, itachomoka. Nikafunga, nikafungua, nikaharibu plasta mbili.

Mpangaji wa chumba cha jirani, kijana wa rika langu anayeuza viatu vya mtumba ng'ambo, alirudi mapema siku ile akanikuta nimekaa kwenye ngazi, kwenye mwanga, nimembana kifaranga magotini.

"Msomi! Umemfunga pingu?"

"Miguu yake imetanuka."

"Ameiba nini?"

"Namnyoosha."

Akachuchumaa, akainamisha kichwa. "Awe," akasema, kwa lile neno la Kibemba wanalokatalia bei kule sokoni. "Huyu bei yake na plasta yako, plasta iko juu."

"Nishikie basi kichwa."

"Mimi nashika viatu tu." Lakini alishika. Alimfunika macho kwa vidole viwili vikubwa, kwa upole ambao sikuutegemea, akatulia kabisa hadi nilipomaliza. Halafu akanawa mikono, akaingia kwake, nikasikia redio. Nilibaki na hamu ya kumgongea nimwambie asante, au nimwambie kitu kingine chochote. Nilipanga namna ya kuanza. Nilipopata sentensi nzuri redio ilikuwa imezimwa.

Nilipomweka chini kwenye taulo, kifaranga alianguka kifudifudi. Pamba ilikuwa fupi, miguu imekaribiana mno. Nikaanza upya na kipande kirefu zaidi kidogo, upana wa pale ambapo miguu ingekuwa kama asingeteleza kamwe. Nilikadiria kwa kuwatazama vifaranga wa mama mwenye nyumba, maana kuku wake mmoja alikuwa ametotoa siku zile zile na alikuwa anawazungusha nyuma ya jiko. Nilisimama pale nikiinama kupima miguu ya watoto wa wenyewe kwa macho, na yule kuku akanitimua.

Mara hii alisimama. Aliyumba, akaegemea ukuta wa boksi, akasimama. Ilikuwa kwa kitambo tu, lakini miguu ilikuwa chini yake.

Kesho yake nilikwenda duka la dawa za mifugo kutafuta vitamini ya kuchanganya kwenye maji.

"Vifaranga wangapi?" aliuliza muuzaji, dada mwenye koti jeupe.

"Mmoja."

"Mia moja?"

"Mmoja."

Alinitazama, akatazama paketi, akacheka kwa pua. "Kaka, hii ukimpa mmoja itamtosha mpaka aolewe." Akanipa hata hivyo, akanielekeza nichovye ncha ya kijiko tu, na nichovye mdomo wake kwenye maji mpaka aelewe kunywa mwenyewe. Nilitaka kumweleza yote, kuhusu kalenda, na ganda, na umeme. Nyuma yangu walikuwa wamesimama watu wawili wanaosubiri. Nikalipa, nikatoka.

Siku zile zilikuwa na ratiba kuliko siku zozote nilizoishi tangu chuo. Asubuhi nilifungua plasta kwa maji ya uvuguvugu ili gundi isimchubue, nikakagua kama mguu umevimba, nikaikunja na kuikunjua miguu taratibu, nikafunga plasta mpya. Mtoto wa kuku hukua kwa kasi, na plasta ya jana inaweza kumbana leo. Akichoka kusimama nilimkalisha kwenye kikombe cha chai nilichokijaza karatasi laini, amenyooka, kichwa nje, kama mteja anayesubiri kuhudumiwa. Akilala hivyo miguu ilibaki mahali pake hata akisahau.

Lakini kulia hakuacha. Nikiwa karibu alinyamaza, nikitoka kwenda chooni alianza. Niliweka kioo kidogo cha kunyolea ndani ya boksi, nikiwa nimesoma kwamba akiona kifaranga mwingine atatulia. Na kweli alitulia. Alikisogelea kioo, akajilaza ubavu dhidi yake, akafumba macho. Sikuweza kuendelea kumtazama. Nilikwenda kukaa kitandani na simu mkononi, nikiangalia namba ambazo ningeweza kupiga. Nilimpigia mama, nikamwambia kifaranga amesimama.

"Yule mmoja?"

"Ndiyo."

"Mlete nyumbani."

"Hawezi safari bado."

"Basi njoo wewe," alisema, na mimi nikasema nasubiri simu ya ile ofisi.

Asubuhi moja nilipofungua plasta na kutoifunga tena, alitembea. Si vizuri. Mguu wa kushoto ulikuwa ukichora nusu duara kabla ya kutua. Lakini alivuka taulo lote kutoka kikombe hadi maji, akanywa, akainua shingo, maji yakateremka, akageuka akarudi. Nilipiga makofi peke yangu chumbani. Nikamtoa uani, naye akawa ananifuata kisigino, pale ninapokwenda yupo, nikisimama anajilaza juu ya ndala yangu.

Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua mchele. Alimtazama akipita kwa mwendo wake wa nusu duara. Hakusema lile neno la paka tena. Alisema, "Sasa anadhani wewe ndiye kuku."

"Ndiyo, mama."

"Utamfundisha kuchakura?"

Nilimtazama kifaranga, amejilaza juu ya ndala.

"Mwenye watoto wa umri wake ninaye huyu hapa," akamwonyesha kwa kidevu yule kuku wa nyuma ya jiko, ambaye watoto wake walikuwa wamejazana chini ya mbawa. "Jioni giza likianza kuingia unamchomeka chini. Asubuhi akiamka anakuta ni wake."

"Na akimkataa?"

"Atamdonoa kichwani."

"Afe?"

"Mimi sijui kuku anawaza nini, baba. Kuna waliopokea, kuna waliokataa."

Nililichukua swali lile nikaingia nalo ndani. Mguu wake bado haukuwa sawa. Akidonolewa asingeweza kukimbia kama wengine. Ningengoja wiki moja apate nguvu, lakini kufikia hapo kuku angekuwa ameshawajua watoto wake, angemtambua mgeni mara moja. Au ningebaki naye. Hapo ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo sikuwa nafikiria mguu. Nilifikiria chumba. Nilifikiria jinsi ambavyo kwa siku zile kulikuwa na mtu, basi tuseme mtu, anayejua nikitoka na anayejua nikirudi. Nikafikiria kifaranga anayelala ameegemea kioo, akikua hivyo, akawa jogoo au tetea asiyejua kuku wenzake ni nini, na mimi siku ofisi ikipiga simu natoka asubuhi nikirudi jioni, na yeye analia kutwa nzima kwenye boksi. Nilimgeuzageuza huyo kuku wa kufikirika kila upande, na kila upande alikuwa peke yake.

Jioni nilimbeba ndani ya shati. Mama mwenye nyumba alichukua konzi ya maranda kutoka kwenye kiota cha kuku wake, akamsugua nayo mgongoni na kichwani hadi njano yake ikafifia. "Anuke nyumbani," alisema. Akamshika kuku kifuani kwa mkono mmoja, akamwinua kidogo, akaniambia, "Weka. Usimtupe, weka."

Niliingiza mkono kwenye joto lile. Ndani mlikuwa na miili mingi midogo, laini, inayosogea. Nilimwachia katikati yao. Alilia ile sauti yake moja, kali. Kuku akaguna, akajipanga upya, akateremsha mbawa. Kilio kikakatika katikati. Sikujua kama amenyamaza au amenyamazishwa.

"Twende," alisema mama mwenye nyumba. "Ukimchungulia unamshtua."

Nilikwenda. Sitaeleza usiku ule. Ulikuwa mrefu na sikuufanyia lolote la maana.

Asubuhi nilitoka kabla sijanawa uso. Kuku alikuwa ameshatoka na watoto wake nyuma ya jiko, pale panapogonga jua la kwanza, ardhi ya kokoto na majivu. Anachakura, wanakimbilia, anarudi nyuma, wanamkimbilia. Nilichuchumaa nikitafuta mguu unaochora nusu duara. Wa njano walikuwa watano au sita. Mmoja alijikwaa nikasema ndiye. Akainuka akakimbia sawasawa. Mwingine alikuwa nyuma ya wote, akawapita. Niliangalia kila mguu wa kushoto kwenye majivu waliyoyatimua, hadi macho yakajaa maji kwa upepo. Niliangalia pia kando ya ukuta na chini ya tanki, pale ambapo angetupwa aliyekufa. Hapakuwa na kitu.

Muuza viatu alikuwa anafunga furushi lake tayari kuvuka.

"Umemwona wangu?" nilimuuliza.

"Yupi?"

"Mwenye mguu."

Akawatazama kidogo, furushi begani. "Msomi, wote wana miguu."

Mama mwenye nyumba alitoka na chenga za mchele kwenye sinia. Nilimuuliza kama kuna aliyekufa. Akasema hakuokota mfu. Nilimuuliza kama amewahesabu. Akasema awahesabu ya nini, kuku amewakubali wote, si naona mwenyewe. Akamwaga chenga. Wakaja wote pamoja, wakapanda juu ya vidole vyangu wakadonoa kati yavyo na kupita, na hakuna hata mmoja aliyejilaza kwenye ndala.

"Sogea, baba," aliniambia. "Unawazibia jua."